Mama Anaoga

Siku za likizo Ikram aliamka mapema kuliko siku za shule. Alivaa sweta mbili, maana baridi ya Juni ya Tunduma haina adabu, kisha akamsaidia mama yake kubeba matenga ya samaki wakavu hadi sokoni. Meza yao ilikuwa ukingoni mwa soko, kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori yanayosubiri kuvuka mpaka hupanga foleni tangu alfajiri. Wanunuzi wao walikuwa mama lishe wa mjini, madereva wenye njaa, na akina mama wa Zambia waliovuka na mabeseni kichwani. Hao Ikram aliwapokea kwa salamu ya Kibemba, "Mulishani," wakacheka, akawaongezea samaki mmoja mdogo, wakaondoka wameridhika.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na pale sokoni alijulikana kwa jambo moja: hatapeliki. Mji wa mpakani una watu wa kila namna, na miongoni mwao wamo wanaoishi kwa ulaghai wa simu. Siku moja mmoja wao alimpigia Ikram akasema kwa sauti ya huzuni kwamba mama yake ameanguka, amelazwa, zinatakiwa pesa za dawa haraka. Wakati huo mama mwenyewe alikuwa ameketi pembeni yake akipanga mafungu ya kambale. Ikram akajibu kwa upole, "Pole sana kwa kumuuguza. Hebu mpe simu anisalimie." Habari hiyo ilizunguka soko zima kabla ya jioni, na kichwa cha Ikram kikavimba kidogo.

Mama yake, Stumai, alikuwa mjane. Baba yake Ikram alifariki mtoto angali hajui kutembea, na tangu hapo Stumai ndiye aliyeteremka mwenyewe hadi Ziwa Rukwa kununua samaki kwa wavuvi. Akisafiri, Ikram alilala kwa jirani yao, Mama Angel, aliyehamia Tunduma kutoka Mbozi na kufanya biashara ya mahindi. Stumai alimwachia Ikram simu ndogo, pamoja na amri moja.

"Mtu usiyemjua akipiga kuuliza niko wapi, usimwambie nimesafiri. Wezi nao wana simu. Mwambie naoga."

Basi Stumai alioga akiwa Mbozi, akaoga akiwa Mbangala, akaoga siku nzima akiwa katikati ya ziwa. Kwa jinsi alivyooga, hapakuwa na mwanamke msafi kumshinda Tunduma nzima.

Mwezi wa tano alikuja mjomba Idrisa, mdogo wake Stumai, ambaye ni baharia katika meli za mizigo. Baada ya chakula cha jioni alitoa kifaa cha manjano, kinene kuliko simu, chenye utepe wa chuma uliokunjwa ubavuni na kifuniko juu ya kitufe.

"Dada, hiki ni chako," alisema. "Sisi baharini hatung'oi nanga bila vitu hivi. Chombo kikizama unakunjua utepe huu, unafungua hapa, unabonyeza. Kisha unangoja."

Stumai alikigeuzageuza mkononi. "Nangoja nini? Kule ziwani hata simu haishiki."

"Hiki si simu, hakitafuti mnara. Kinatuma alama juu angani, kwenye setilaiti, mitambo ile inayoizunguka dunia. Setilaiti ikiipokea inairudisha chini mpaka kituo cha uokoaji. Kila kifaa kina namba yake, na hiki nimekwisha kukiandikisha kwa jina lako. Wakiiona ile namba watajua Stumai wa Tunduma yuko taabuni, na watajua eneo."

"Hiyo ni habari ya baharini. Mimi naenda ziwani."

"Setilaiti haibagui bahari na ziwa, dada. Mtu akiita, inasikia."

Stumai aliacha kubisha. Mwaka uliopita wenzake wawili waliokuwa wakinunua naye samaki walizama, na walitafutwa siku nyingi bila mtu kujua pa kuanzia. Alikivaa kifaa shingoni kwa kamba yake, akakitia ndani ya gauni.

"Sasa sikilizeni wote wawili," Idrisa aliendelea. "Wale wa kituo watapiga simu kwanza kuhakikisha. Vifaa hivi hubonyezwa kwa bahati mbaya kila mara. Mtoto amekichezea, mzigo umekiangukia, boti zinatoka bure, na huku kuna mtu wa kweli anazama kwingine. Nimewapa namba ya hii simu ndogo, kwa sababu wewe ukiwa majini hupatikani. Watauliza maswali tu: mwenye kifaa yuko wapi, katoka na chombo gani, wako wangapi. Hawataomba hata senti. Ikram, nakutajia namba ya kituo, ihifadhi, wakipiga jina lao litokee."

Ikram alikuwa na simu mkononi, ndiyo. Lakini ndani ya simu hiyo nyoka wake wa mchezo alikuwa mrefu kuliko siku zote, amejaza kioo kizima, na kumwacha wakati huo kulimuuma. Mjomba akaitaja namba polepole. Akairudia.

"Umehifadhi?"

"Nimehifadhi, mjomba," alijibu Ikram, na nyoka akagonga ukuta.

Alikusudia kumwomba airudie kesho yake. Kesho yake aliona haya kukiri kuwa hakusikiliza, na keshokutwa mjomba alikwisha kuondoka. Mwishowe akajiambia kwamba jambo lenyewe halitatokea.

Juni ilipofika Stumai akasafiri. Alhamisi jioni alipiga simu kutoka kijiji kilicho ukingoni mwa ziwa, mahali pa mwisho penye mtandao, na sauti yake ilikatikakatika kwa upepo.

"Kesho asubuhi navuka kwenda kambi za wavuvi za ng'ambo, na boti ya Osea, yule mvuvi wa siku zote. Nitarudi jioni. Ile namba ya mjomba umeihifadhi?"

"Nimehifadhi, mama."

"Haya, mwanangu. Lala salama."

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Mama Angel alikwenda Nanyala kufuata mahindi, akawaacha Ikram na binti yake Angel wakiuza. Karibu na saa saba mchana simu ndogo ililia. Namba ilikuwa ngeni.

"Habari za mchana," ilisema sauti ya mwanamke. Nyuma yake zilisikika simu nyingine zikilia na watu wakizungumza. "Naitwa Tabita, napiga kutoka kituo cha uokoaji, Dar es Salaam. Namtafuta Stumai."

Ikram alimkonyeza Angel. Mara ile ilikuwa hospitali, leo ni uokoaji. Hawa watu wamepanda cheo, aliwaza.

"Mama anaoga," alisema.

"Yuko hapo nyumbani? Una hakika?"

"Namsikia anamwaga maji."

"Hajasafiri? Hayuko ziwani leo?"

Swali hilo lilimshtua kidogo, lakini akajiambia kwamba matapeli wa siku hizi hupeleleza kwanza. "Ziwani aende kufanya nini? Nimekwambia anaoga."

"Sawa. Basi mwambie akitoka akitazame kile..."

Ikram akakata. Simu ikalia tena, akakata tena, kisha akaizima kabisa, kama alivyofundishwa. Angel alicheka hadi akajishika kiuno.

"Umemkomesha. Alitaka nini?"

Ikram alisimama katikati ya matenga, akabana pua na kuigiza. "'Namtafuta Stumai. Una hakika yuko nyumbani? Hayuko ziwani?' Maswali kama askari."

"Alitaka shilingi ngapi?"

"Hakutaja. Hata..."

Mkono wake uliokuwa umebana pua ulishuka wenyewe.

Hakuomba hata senti. Maneno hayo aliwahi kuyasikia, tena katika nyumba yao wenyewe, yakipita juu ya kichwa chake huku nyoka akikimbia kwenye kioo. Watauliza maswali tu. Hawataomba hata senti.

"Angel," alisema. "Yule hakuwa tapeli. Mama yuko kwenye maji."

Aliwasha simu. Akampigia mama. Akaambiwa namba haipatikani. Akaitafuta ile namba ngeni, akaiona, akaipiga, na mashine ikamjibu kwamba hana salio la kutosha. Hata la kubipu halikuwemo, na Angel hakuwa na simu. Akaitazama simu akiiomba ilie, lakini haikulia. Ingelilia kwa nini? Alikwisha kuwaambia kwamba mama yake yuko salama, anamwaga maji.

Alitamani kukaa chini, afunike uso kwa mikono, alie mpaka Mama Angel arudi. Nanyala si karibu, aliwaza, na maji hayamsubiri mtu. Alifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Kaa na meza," alimwambia Angel. "Nakwenda kutafuta salio."

Alikimbilia duka la vocha. Limefungwa. La pili limefungwa, la tatu vilevile, maana ilikuwa saa ya swala ya Ijumaa na wenye maduka hayo matatu walikuwa msikitini. Akageukia barabarani. Kwenye foleni ya malori, dereva mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari lake akinywa chai kwenye kikombe cha bati, simu iko mfukoni mwa shati.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Naomba simu yako nipige mara moja. Mama yangu yuko hatarini."

Dereva, ambaye jina lake lilikuwa Othmani, alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Binti, hapa Tunduma nimeibiwa simu mbili. Ya pili ilikwenda na mtoto aliyelia kukushinda wewe. Kamtapeli mwingine."

Neno hilo lilimchoma. Ikram asiyetapeliki leo anaitwa tapeli. Siku nyingine angelitafuta uongo mtamu wa kumlainisha mtu huyu, na uongo ulikuwepo mwingi ulimini. Lakini uongo ndio uliomfikisha hapo, akaona bora aseme kitu chote.

"Mjomba, mimi nimedanganya," alisema. "Mama yangu yuko Ziwa Rukwa. Ana kifaa cha kuitia msaada. Watu wa uokoaji wamenipigia sasa hivi, nami nikadhani matapeli, nikawaambia mama yuko nyumbani anaoga. Wameniamini. Nisipowaambia ukweli hawatamfuata. Simu usinipe. Ishike wewe, piga wewe, weka spika. Na simu yangu kaa nayo, na sweta langu."

Alikuwa amekwisha kulivua lile la juu. Othmani aliweka kikombe chini.

"Vaa nguo yako," alisema taratibu. "Taja namba."

Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, Ikram aliitambua sauti ile mara moja.

"Mama Tabita, mimi ni yule mtoto wa Stumai. Nilikudanganya. Mama haogi. Yuko ziwani tangu asubuhi."

"Unaitwa nani?"

"Ikram."

"Ikram, dakika chache zilizopita uliniambia unamsikia anamwaga maji. Sasa nitajuaje kuwa huu ndio ukweli?"

Ikram alifunga macho akafikiri. Angelia, lakini kilio si ushahidi. "Kifaa chake ni cha manjano. Mjomba wangu Idrisa ndiye aliyekiandikisha, ni baharia. Mama hukivaa shingoni. Niulize unachotaka, nitakujibu ninachokijua tu."

Zilisikika karatasi zikipekuliwa. "Ndiyo, Idrisa," ilisema ile sauti, na sasa ilikuwa na haraka. "Sikiliza. Alama yake inaingia tangu saa sita, lakini inahamahama polepole karibu na ufuo. Ulipotuambia mama yuko nyumbani, tulidhani kifaa kimeibwa na mtu anatembea nacho. Boti moja ilikuwa imekwisha kutoka, tukaiambia irudi. Ametoka na chombo gani?"

Ikram aliegemea ngazi ya lori. Othmani alimshika bega.

"Boti ya Osea. Ya mbao, ya kijani. Ina turubai la rangi ya chungwa la kufunikia samaki. Niliiona nilipokwenda naye likizo iliyopita."

"Alikuwa anaelekea wapi?"

"Kambi za wavuvi za ng'ambo. Alisema angevuka asubuhi na kurudi jioni. Jana jioni kulikuwa na upepo mkali, niliusikia kwenye simu."

"Basi haitembezwi na mtu, inasukumwa na upepo. Wako watu wangapi ndani?"

Ikram alifungua mdomo. Alitaka sana kutoa jibu zuri, jibu kamili, ili mwanamke yule aendelee kumwamini. Sita lingefaa. Nane lingefaa pia.

"Sijui," alisema.

"Vizuri kusema hujui. Ungenidanganya, tungetafuta mtu asiyekuwepo au tungemwacha aliyepo. Sasa washa simu yako, usiizime tena, na usikate nikipiga."

"Sikati, mama."

Othmani alipotaka kuweka simu mfukoni, foleni ilianza kusogea na malori ya nyuma yakapiga honi. Alipanda kwenye usukani, akapekua karibu na kiti, akamrushia Ikram kadi ya vocha.

"Ingiza hiyo. Mungu amrudishe mama yako," alisema, na lori likaondoka kuelekea mpakani.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Ikram alirudi kwenye meza, akauza samaki kwa mikono tu, macho yakiwa kwenye simu. Mama Angel aliporudi kutoka Nanyala akakuta wasichana wawili wamekaa kama wamefiwa. Alisikiliza habari yote, hakumgombeza, ila alimfunika Ikram kitenge chake mabegani na kukaa naye. Tabita alipiga mara mbili. Mara ya kwanza alitaka kujua kama Osea ana mashine moja au mbili. Mara ya pili alisema tu kwamba boti mbili za wavuvi zimetoka na askari ndani yake, na kituo kinazielekeza kwa alama ya setilaiti. Ikram alishukuru kila mara, akaiweka simu juu ya paja lake.

Jua lilikuwa linazama simu ilipolia tena.

"Ikram, wamepatikana. Wote saba. Wamekutwa wameshikilia boti iliyopinduka. Kuna aliyevunjika mkono, na wengine wana baridi kali, lakini wako hai. Mama yako amefunikwa blanketi, na jambo la kwanza alilouliza ni kama umekula."

Hapo Ikram alilia kwa sauti, sokoni, mbele ya watu wote, wala hakuona haya. Mama Angel alilia naye.

Stumai alirudi Jumapili akiwa amevaa gauni la kuazima, sauti imekwaruza. Majirani walijaa chumbani. Alisimulia jinsi upepo ulivyochafuka wakiwa mbali na ufuo, mawimbi yakaingia, mashine ikazima, boti ikageuka juu chini, kisha upepo ukaisukuma polepole kuelekea ufuoni. Alisimulia jinsi alivyokunjua utepe kwa meno kwa sababu mkono mmoja ulishikilia boti.

"Kitu kimoja sikielewi hadi leo," alisema. "Mchana tuliona boti inakuja. Tukapunga mikono, tukapiga kelele. Ilikuwa mbali lakini inakuja. Kisha ikageuka, ikarudi ilikotoka. Pale ndipo Osea, mkono umevunjika, alipoanza kulia. Nami nilitaka kuachia. Sijui waliona nini wakageuka."

Majirani walitikisa vichwa. Mmoja akasema pengine mafuta yaliwaishia. Stumai akakubali kuwa huenda ikawa hivyo.

Ikram alikuwa ameketi karibu na mlango. Angel na mama yake walijua, lakini alijua hawangesema. Othmani alikuwa Zambia. Tabita alikuwa Dar es Salaam. Ikram angeweza kunyamaza, na mafuta yangebeba lawama milele. Alisubiri majirani waondoke, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake.

"Mama, haikuishiwa mafuta ile boti. Mimi ndiye niliyeirudisha."

Akaeleza yote, hata nyoka wa kwenye simu, hata ule uongo wa Alhamisi jioni kuwa amehifadhi namba. Stumai alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Ikram aliona machozi yakishuka kwenye mashavu ya mama yake, yaliyobabuka kwa jua.

"Nimekasirika," Stumai alisema mwishoni. "Sitakuficha. Nikikumbuka ile boti inavyogeuka, nakasirika. Lakini hasira yangu siwezi kukupa yote wewe. Ni nani aliyekufundisha kusema naoga?"

Stumai alijigusa kifua.

"Ni mimi. Nilidhani nakupa ngao, kumbe nilikuzoesha kusema uongo bila kufikiri. Basi tujirekebishe wote wawili. Kujihadhari si kudanganya, mwanangu. Mtu usiyemjua akikuuliza niko wapi, una haki ya kutomwambia. Mwambie hutajibu. Muulize jina lake, muulize shida yake, kisha mtafute mtu mzima mhakikishe. Umemnyima habari, lakini hukumpa habari ya uongo. Tapeli hapati kitu, na mwenye shida ya kweli hapotezwi njia."

"Ndiyo, mama."

"Na lile la namba. Ungemwambia mjomba 'sikusikiliza, rudia,' angekukaripia kidogo tu, yakaisha. Uliogopa karipio, ukasema umehifadhi. Watu saba wamekaa majini kwa ajili ya karipio moja. Hiki kifaa kimeundwa na watu wenye akili nyingi, kinaongea na mbinguni huko, lakini mwisho wake kinamfikia mtu mwenye simu mkononi. Huyo mtu akiwa mwongo, setilaiti zote haziwezi kunisaidia." Alimshika mtoto wake kidevu, akamwinua uso. "Ila ulipokosea hukukaa ukalia. Ulikwenda kuutoa ule uongo, kwa aibu, mbele ya mtu mgeni. Hilo ndilo lililonirudisha. Na leo umeniambia habari ambayo nisingeijua kamwe. Nitakuamini tena."

Usiku ule, kabla ya kulala, Ikram aliihifadhi namba ya Tabita, akamwonyesha mama yake kwenye kioo. Mchezo wa nyoka aliuacha kwa muda mrefu.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, simu ndogo ililia wakiwa nyumbani. Namba ilikuwa ngeni, na sauti ilikuwa ya mwanamume mwenye maneno mengi.

"Mrembo, mama yuko wapi? Kuna mzigo wake hapa mpakani, umekwama."

"Mimi sikujui, kwa hiyo sikwambii alipo," alijibu Ikram. "Sema jina lako na mzigo wenyewe ni nini. Nitamweleza, naye atakupigia."

Mwanamume aliguna, akakata. Ikram akaweka simu mezani na kuendelea kupanga samaki.

Kutoka bafuni, katikati ya mlio wa maji yanayomwagwa, Stumai alianza kucheka. Alicheka mpaka kata ikamponyoka mkononi.